Bomba Lililovuliwa Sweta

Mwaka ule bia ya kegi, ile ya kutoka pipani, ilipofika Kithimani, Mulwa alimhamisha mkewe Wayua na duka lake la unga hadi barazani, ili kaunta ya baa yake ipate nafasi. Mafundi wa kampuni ya bia wakaleta mashine ya glaikoli. Hayo ni majimaji yanayopozwa kwa stima, kisha yanazungushwa sambamba na bia kutoka stoo ya nyuma hadi mfereji wa kaunta, ili bia ifike baridi. Bomba lenyewe lilipita hatua kumi na tano juani, nao walilivika sponji nene nyeusi. Kabla mafundi hawajafika hata Thika, waheshimiwa wa benchi la kahawa mbele ya baa walikwisha kukata shauri kwamba kitu cha baridi hakivalishwi sweta. Mulwa akaichana sponji yote kwa kisu, akaitia moto. Kesho yake, saa saba mchana, bia inatoka vuguvugu, povu tupu, na saa tisa watu wa kampuni wanakuja kuonja. Wakiikuta hivyo, wanang'oa mashine na kuipeleka baa ya Katangi. Mulwa alikaa kwenye benchi roho mkononi.

— Glaikoli imechoka, alisema Injinia, aliyewahi kutengeneza kinu kimoja cha posho na tangu hapo hajashuka cheo. Inazunguka tangu jana bila kupumzika. Hata wewe ungetoa povu.

— Lakini iko na siku moja tu! Mulwa alilalama.

— Siku moja kwako. Kwa mashine hiyo ni mwaka.

— Aka! alidakia Muli, muuza dawa za mifugo, ambaye wote walimwita Dakitari. Povu iko kwa bia, si kwa glaikoli. Hiyo bia imefura. Ng'ombe akikula majani ya lusani iko na umande anafura hivyo hivyo. Leta mafuta ya kupika tumwage kwa pipa.

— Niwekee bia mafuta?

— Nusu chupa tu. Ikicheua, imepona.

Mulwa aliona aibu, maana kwa kitambo kidogo alikuwa amekumbuka mahali chupa ya mafuta ilipo.

— Wachana na mafuta, Injinia alisema. Baridi inatoroka. Hilo bomba si linapita kando ya bucha? Enda uangalie nyama. Utakuta imeganda.

Mulwa akaenda, kwa kweli akaenda. Akarudi akijipangusa jasho.

— Iko na nzi tu.

— Basi imeshapita bucha, alisema Injinia bila haya. Saa hii iko mbali.

Hapo basi kutoka Garissa lilisimama, akashuka Sucdi, mchuuzi wa maziwa ya ngamia. Aliketi ncha ya benchi kungoja gari la Katangi, akaweka chini mtungi wa plastiki uliofungwa blanketi zito.

— Mama, na hii jua yote, Dakitari alicheka, unafunika maziwa kama mtoto?

— Gusa.

Mulwa aliingiza mkono chini ya blanketi. Akauchomoa haraka.

— Baridi!

— Niliweka barafu alfajiri, alisema Sucdi. Blanketi ni ya kuzuia jua isiingie. Halafu akalitazama bomba lililo uchi ukutani. Na hiyo yenu, jua inazuiwa na nini?

Mulwa hakumngoja yeyote. Alikimbia hadi barazani, shati limemganda mgongoni.

— Wayua! Toa blanketi zote kitandani. Haraka!

Wayua alimtazama mumewe, aliyetiririkwa na jasho usoni katika jua lile la saa saba.

— Uko na malaria?

— Si mimi. Ni bia.

— Imeshafika kichwani! Wayua alisema, akaketi juu ya gunia la unga, akaanza kulia.