Mng'ao wa Kromu na Pua Zetu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Ndugu Katibu wa Chama, Ndugu Mwenyekiti wa Ushirika wetu wa Mafundi Chuma, wazee wetu mliotoka Bunda na Butiama, ndugu wafanyakazi, na zaidi ya wote wewe Mama Nyangi Wambura, muuguzi wetu unayestaafu leo:

Mimi ni Felisian, fundi wa karakana ya Mukendo. Mkinisikia napiga mluzi katikati ya maneno, msidhani nawaita ng'ombe. Ukuta wa katikati ya pua yangu umetoboka, na upepo unapita utakavyo. Wenzangu wamenituma niseme kwa niaba yao kwa sababu, eti, mimi ni ushahidi unaotembea.

Ndugu wananchi, nani asiyependa kromu? Ni madini magumu, yanang'aa, hayajui kutu. Ukiyachanganya na chuma unapata kijiko cha kurithisha wajukuu. Chumvi yake ya kijani huizuia ngozi ya ng'ombe isioze, ikawa kiatu. Sisi tulikuwa tunaipaka kromu kwa umeme kwenye bampa za malori na usukani wa baiskeli, utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Vijiji vya ujamaa vilipoanza kutuletea baiskeli zao, Silasi wa Nyamuswa alikuja kuchukua ya kijiji chake, akajitazama kwenye usukani, akachana nywele papo hapo. Tulivimba vichwa! Na aliyevimba kuliko wote ni Ndugu Alfonsi Masatu, fundi mkuu wa pipa. Yule pale, anajifanya hasikii.

Lakini kabla haijawa mng'ao, kromu yetu ni tindikali yenye rangi ya chungwa ndani ya pipa. Umeme ukipita ndani yake inatokota na kutoa ukungu, na ukungu ule tuliuvuta kila siku huku tunaimba. Pua zikaanza kutoka damu. Vidoleni vikatokea vidonda vya mviringo, kama vimetobolewa kwa msumari, wala haviumi. Kidonda kisichouma, ndugu zangu, mtu atakiogopa vipi? Boke, mwenzetu wa pipani, alisema tumerogwa na wenye wivu. Mimi nilisema ni vumbi la kiangazi.

Tukaenda zahanati mmoja mmoja, kila mtu na leso yake puani. Mama Nyangi alipomaliza kunitazama akaniuliza, "Felisian, unafanya kazi wapi?"

"Kwenye pipa la kromu, Mama."

"Na wenzako wanaokata mabati, nao wanatokwa damu?"

"Hapana, Mama."

"Basi twende ukanionyeshe huyo mchawi."

Alikuja na kitambaa cheupe, akakishika juu ya pipa. Kikageuka njano mbele ya macho yetu. Akaufuata mfereji wa maji ya kusuuzia, sisi nyuma yake, mpaka ziwani, na pale maji ya njano yalipokuwa yanaingia ndipo kina mama walipokuwa wanachota ya kunywa. Alimkuta Kwangu, mke wa Alfonsi, ana ndoo kichwani. Mama Nyangi akaishusha kwa mikono yake, akaimwaga.

Mkutano ukaitishwa, Mama Nyangi akataka pipa lifungwe. Mwenyekiti wetu wa wakati ule, Ndugu Rafaeli, akajitetea, "Sista, Sabasaba imekaribia. Tumeahidi vijiji baiskeli zinazong'aa."

"Zipakeni rangi nyeusi. Zitafika vile vile."

Tukacheka. Alfonsi hakucheka. Alisimama. "Mimi nilikuwaga mchunga ng'ombe wa watu. Pipa hili ndilo limenipa jina. Mkilifunga, nitaitwa nani?"

Mama Nyangi akamwambia taratibu, kama mtu anayemwambia mdogo wake, "Masatu, Kwangu ni mjamzito. Leo nimeimwaga ndoo yake mimi. Kesho ataimwaga nani?"

Alfonsi akatoka nje. Tukadhani ameondoka kwa hasira. Mara tukasikia mtambo wa umeme umenyamaza. Alikuwa ameuzima mwenyewe.

Pipa likalala muda mrefu, na Sabasaba tulipeleka baiskeli nyeusi. Baadaye wataalamu wakatufundisha: maji ya njano tunayatia dawa kwanza yageuke kijani, sumu yake ipungue, kisha tunatia chokaa, uchafu unatuama ndani ya shimo la saruji na hauendi ziwani. Sasa kuna feni ya kuvuta ukungu, kuna glavu na mabuti. Vidonda vya vidole vimepona. Pua yangu haitarudi, nimekwisha kuizoea. Mtoto wa Kwangu alizaliwa salama, wakampa jina la Nyangi, naye ndiye anayetupigia kelele kule nyuma tangu nianze kusema. Na Alfonsi? Kila asubuhi anakagua pua za vijana kabla hawajaligusa pipa, mkali kuliko askari wa barabarani.

Mama Nyangi, unarudi kwenu Butiama, kwenye ng'ombe wako na mtama wako. Wengine wameacha kwetu majengo na mawe ya msingi. Wewe umetuachia mikono mizima, na kwa mikono hiyo tunakupungia.

Kwaheri, Mama. Nanyi ndugu zangu, kwa subira yenu na masikio yenu, nasema asanteni sana.