Gari la Gavana Lilikuja Tupu

Wanangu mlio na vyeo, someni niliyoyasikia jana kwenye basi la Nsukka. Mzee Okwudili, aliyekuwa dereva wa gavana wa kwanza wa jimbo letu, alipakata jembe. Muuza viazi vikuu kando yake akamuuliza anakwenda kulima wapi.

“Kuchimba kaburi la mke wa gavana. Ndugu wa ukoo wamegoma.”

“Wana haki, mzee wangu! Barabara hii aliijenga gavana, sikatai. Lakini yeye alikuja kumzika nani?”

“Alikuwa akituma shada la maua.”

“Maua yanachimba?”

Basi zima likacheka. Mimi niliwafikiria ninyi.

“Hata mama yangu alipofariki,” mzee akasema, “nililiendesha gari la gavana tupu hadi kwetu, bendera inapepea, shada kwenye kiti chake.”

“Na bado unakwenda?”

“Nilimpigia simu, mwanangu. Kasema amepanga viti mia tangu asubuhi, na bado anavifuta vumbi.”

“Kaburi hulimalizi peke yako!”

Basi likasimama njia panda ya kwenda kwa gavana. Mzee akashuka. Hakushuka mwingine, wala mimi.