Nyuki wa Ghala la Jamaldin

Baraza letu liko kwenye kichochoro nyuma ya Biashara Street, chini ya ghala la Jamaldin muuza leso, ambaye sisi twamwita Mkasi. Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, Mkasi mwenyewe alikuwapo. Alikuwapo Masha, aliyeendesha winchi bandarini Kilindini miaka thelathini, na jina likamganda: Winchi. Alikuwapo Bonface wa makaratasi ya mizigo, ofisi yake Shimanzi, nasi humwita Manifesti. Mimi kazi yangu pale ni kusikiza. Kamaludin muuza kahawa alitumiminia ile tungu yake, lakini macho yetu yalikuwa kwenye dirisha la juu. Sidi, binti yake Winchi, mtafiti wa nyuki chuo kikuu, alikuwa ndani ya ghala na nyuki wa ukutani, na mtu wa kupiga dawa ya kuwaua alikuwa aje saa tano.

— Miaka kumi na miwili nimekaa nao ukutani, Mkasi akasema. Wao kwao, mimi kwangu. Lakini Jumatano mmoja kamuuma mteja mdomo, na ni bibi harusi mtarajiwa! Mdomo ukawa kama sambusa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na muuza nguo ni mimi.

— Methali hiyo haihusu duka, Winchi akamwambia.

— Yahusu nguo!

Manifesti akasogea karibu.

— Nyuki wa kawaida hakai mjini miaka kumi na miwili. Hao walishuka na kontena, bila makaratasi. Na sasa chuo kikuu chawasajili. Si wewe Winchi uliyetwambia kule maabara kila nyuki apewa nambari mgongoni?

— Si kila nyuki. Malkia hutiwa doa la rangi, ili aonekane kati ya maelfu. Na baadhi ya vibarua wake hubandikwa nambari, wajulikane wakitoka na wakirudi.

— Kama watu wa zamu! Manifesti akasema.

— Na mzinga hupimwa uzito kila asubuhi. Siku nyengine huchota nyuki nusu kikombe, wakawatia kwenye chupa na sukari ya unga, wakawatikisa polepole.

Kamaludin akasimama na dele lake la kahawa mkononi.

— Sukari? Wawafanya kaimati?

— Ili utitiri uanguke. Vidudu vidogo mfano wa kupe, huwafyonza. Sidi huvihesabu, kisha nyuki hurudishwa kwao, weupe kama waliotoka kinuni.

— Hapo pana siri, Mkasi akasema. Mtu na shahada yake hahesabu kupe wa nyuki hivihivi. Wallahi wawafundisha kunusa. Watapelekwa Kilindini wanuse makontena.

— Basi mimi sina kazi! Nyuki anusa, mzigo wapita. Nani atajaza fomu?

— Na malkia wa ukutani mwangu ndiye mkuu wao. Katumwa zamani. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Hiyo husemwa mgeni akileta kheri, Manifesti akamsahihisha.

Tukacheka sote, ila Winchi. Aliweka kikombe chini.

— Nyuki wao wa maabara wote wamekufa, akasema.

Mkasi akamgeukia.

— Mizinga sita kwa miezi miwili, huko nyuma ya maabara. Kila wakifunua asubuhi, wamepungua. Wiki jana nimerudi nyumbani, namkuta Sidi ameketi jikoni, kofia ya wavu bado i kichwani, yuwalia. Nikadhani tumefiwa. Nikamuuliza, nani? Akaniambia, mzinga wa sita.

— Ukamwambiaje? nikauliza mimi.

— Ndilo laniuma. Nilimwambia, mwanangu, waache hao wadudu, nikutafutie ofisi bandarini. Na babangu kule Vitengeni alitundika mizinga mitini maisha yake yote! Asali ndiyo iliyonivisha sare ya shule. Leo mwanangu awatunza nyuki, mimi namwona kapotea.

Mkasi alikuwa ameinamisha kichwa.

— Sasa itakuwaje?

— Mkuu wao, Daktari Nasipwondi, asema bila nyuki hai utafiti wafungwa mwisho wa mwezi. Juzi tukila nikamtajia Sidi ukuta wako. Aliacha chakula mezani, na ndiyo leo yuko juu kuwapima.

Mkasi akatazama saa. Ilikuwa imebaki robo saa mtu wa dawa aje.

Ngazi ikalia. Sidi akashuka amevaa ovaroli nyeupe, jicho moja limevimba, chupa ameikumbatia kifuani.

— Salaam aleikum, ami Jamaldin. Nisameheni kwa kuwaweka.

— Waaleikum salaam. Wamekuuma, mwanangu?

— Wanne tu. Wana haki, nimewabomolea mlango.

Winchi alimpisha. Sidi akaketi, akashusha pumzi.

— Baba, masega yashuka ukutani marefu kuliko mimi. Mayai tele, na wana wamelala safu kwa safu. Nimetikisa nyuki mia tatu. Utitiri wawili.

— Wenu walikuwa na wangapi? Mkasi akauliza.

— Arobaini.

Winchi akainama kuitazama chupa.

— Hawa hawajatiwa dawa hata siku moja, Sidi akaendelea. Miaka yote hii wajitibu wenyewe, katikati ya mji. Nikijua vipi, huenda tukawaokoa na wengine. Nimempigia Daktari Nasipwondi. Asema ami akituruhusu, utafiti utahamia hapa. Tutaziba upande wa duka, watokee juu paani, wateja wasiguswe.

Mkasi alitoa simu, akaibonyeza kwa kidole kimoja.

— Halo? Fundi, usije... La, sijapata mwengine. Nimeona nina wapangaji.

Sidi alifunika uso kwa mikono miwili. Babake akamwekea mkono begani.

— Maneno ya ofisi, Sidi. Nilikosea. Niwie radhi.

— Yashapita, baba.

— Kwa hivyo hawanusi makontena? Manifesti akauliza.

— Wanusa maua, mzee Bonface.

Kisha akafungua kikaratasi. Ndani mlikuwa na vipunje vidogo vyekundu, kama pilipili iliyopondwa.

— Hii ni chavua, wameibeba miguuni. Ya mnazi naijua, ya mwarobaini naijua. Hii siijui, na leo karibu kila nyuki kaja nayo. Nyinyi mmekuwa mtaa huu tangu sijazaliwa. Nambieni, ni mti gani hapa unaochanua sasa?

Mkasi akamtazama Winchi. Winchi akamtazama Manifesti. Manifesti akaanza methali, akaiacha njiani. Kamaludin, ambaye hakuna kichochoro asichopita, alikuna kichwa. Nami nikajua kwamba kwa miaka hamsini nimeijua milango ya mtaa huu, na maduka, na nani kamuoa nani, lakini ua hata moja sikuweza kulitaja.

Juu ya paa nyuki akatoka, akakata kona kuelekea msikitini.

— Yule ajua, akasema Winchi, akainuka.

Tukatoka nyuma yake, wazee na binti mwenye jicho lililovimba, nyuso juu, tukigongana mabega kichochoroni. Kamaludin naye kaacha vikombe barazani, yuwauliza kila mlango kama wameona nyuki yule alikopita.