Kigurudumu Kilichoachwa Palepale

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Wa pili ni mimi ninayewasomea wasifu huu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1965. Hesabu alizipenda, ila walimu walimpa alama nusu kwa sababu aliandika jibu bila kuonyesha njia. Baadaye alijifunza kusugua vioo vya miwani, na kuanzia 1971 hadi alipostaafu 2006 alikaa kwenye chumba kimoja nyuma ya duka, kiti kikiwa kimeelekea dirishani.

Mwaka 1978 alimwoa muuguzi mcheshi. Hawakujaliwa mtoto. Shemeji alikuwa akisema, "Huyu, redio haongezi sauti, anasogeza kiti karibu." Shemeji alifariki 2009, na nyumba ikanyamaza.

Jumapili zake zilikuwa za klabu ya kulenga shabaha, ambako walimwita Mistari. Risasi ikienda mbali hushuka, kwa hiyo wenzake walizungusha kigurudumu cha juu ya darubini ya bunduki kila umbali ulipobadilika, ili kufidia mshuko huo. Yeye hakukigusa. Ndani ya kioo mna mistari midogo. Alihesabu mistari, akalenga juu ya shabaha kwa kiasi hicho, akafyatua. "Kigurudumu utakisahau," alisema. "Mstari unauona." Mimi nililala kando yake nikimsomea upepo, yaani kumwambia unavuma kutoka wapi na kwa nguvu gani.

Tarehe 19 Agosti 2012 ilikuwa fainali, imebaki risasi moja, mita mia tisa. Alipogeuka kunywa maji, nilikizungusha kigurudumu hadi mia tisa. Nilitaka kumrahisishia, basi. Kabla sijafungua mdomo alishalala chini, akahesabu mistari yake kama kawaida, na risasi, iliyoinuliwa sasa mara mbili, ikapita juu kabisa ya shabaha.

Akaniuliza, "Umegusa darubini yangu?"

Nikasema, "Mimi? Hata kidogo, kaka."

Hakuuliza tena. Nami kwa aibu nikapunguza kwenda kwake, mwisho nikaacha kabisa. Nasikia klabuni walimtafutia msoma upepo mwingine, akawajibu, "Ninaye." Akawa analenga peke yake, mkeka wa pili umetandikwa kando.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka juzi. Aliyempeleka hospitali ni jirani yake, fundi cherehani, na ndiye aliyekuwapo alipokata roho Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, saa nne asubuhi. Mimi nilifika saa sita.

Juzi nilifungua kasha la bunduki yake. Kigurudumu kiko mia tisa, palepale nilipokiacha mimi. Kingerudishwa kwa vidole viwili. Badala yake alihesabu upya mistari ya kila umbali kuanzia hapo, akaiandika kwenye kadi kwa mwandiko wake mdogo. Juu ya kadi ameandika: "Kuanzia alipoacha mdogo wangu."

Kumbe alijua. Alijua siku zote, na alinisubiri karibu miaka kumi na moja nije nimwambie.

Marehemu ameacha ndugu mmoja. Ndiyo orodha yote.

Kaka, niligusa. Ni mimi. Lala salama.