Mzee Upepo Akabidhi Mpini

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Fundi Mkuu wa pampu katika karakana yetu, anayejulikana kwa wote kama Mzee Upepo, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Kamati ya jarida imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake. Mimi ndiye opereta wa simu wa idara ya maji, chumba cha kwanza kushoto ukiingia getini, na sioni tangu utotoni. Kamati ilisema nimechaguliwa kwa kuwa namfahamu fundi vizuri. Mhasibu akaniambia ukweli: wengine wote walikataa.

Alianza kazi akiwa mbeba spana. Wakati huo pampu zetu zilikuwa mbili na zote zilivuja. Leo ziko sita, na inayovuja ni moja tu, Namba Tatu, ambayo yeye mwenyewe amekataza isiguswe, kwa kuwa ikizibwa, anasema, itaanza kuvuja mahali tusipopajua. Mwaka wa mafuriko alikaa na pampu hizo mpaka maji yalipopungua, aliporudi nyumbani mkewe akamkaribisha kwa kumwambia avue viatu nje. Amefundisha mafundi wengi. Baadhi yao sasa ni mabosi kwingineko na hawapokei simu zetu. Nalijua hilo kwa sababu mimi ndiye ninayewapigia.

Urafiki wetu ulianza kwa simu ya ndani. Masikio yake yalikuwa yamechoshwa na makelele ya pampu, yangu yalikuwa mazima. Basi akiishuku beringi, alinipigia, akabandika mkono wa simu kwenye ubavu wa pampu, nami nikasikiliza huku watu wa mjini wakisubiri kwenye laini. Nikimwambia inakwaruza, aliifungua. Nikimwambia inaguna tu, alimwita mtu wa grisi. Wakurugenzi watatu wamepita bila kujua kwamba pampu za mji huu zilikaguliwa namna hiyo. Wa sasa anajua kuanzia leo.

Haya, tuje kwenye ndege, maana najua ndiyo mnayoitafuta.

Mzee Upepo huunda ndege ndogo za mbao zenye injini ya kweli, ambazo haziendi mbali. Ndege hufungwa waya mbili nyembamba, waya huishia kwenye mpini, na mrushaji husimama katikati ya uwanja ameushika mpini huo. Ndege humzunguka, naye huzunguka nayo. Akiuinua mpini, ndege hupanda, akiushusha, hushuka. Ni mchezo mzuri kwa mtu yeyote isipokuwa mwenye kizunguzungu. Mzee Upepo ana kizunguzungu.

Jambo hili lilijulikana na karakana nzima na halikuwahi kutamkwa. Kila Jumamosi mchana ndege ilipaa uani, nyuma ya bohari, ikazunguka mara mbili, ikibahatika mara tatu, kisha fundi akaanza kuyumba, na wote wawili wakaanguka, yeye huku, ndege kule. Akijipangusa vumbi alisema upepo umebadilika. Nasi tukaitikia kwamba kweli, umebadilika. Ndipo alipopata jina. Kuna siku nilisimuliwa kwamba hata bendera ya getini ilikuwa imelala fofofo, na bado tukaulaumu upepo. Mke wake, ambaye huja na kiti chake cha kukunja na kazi yake ya kufuma, alikuwa akisema kwa sauti ya kusikika kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Fundi hakusikia. Masikio, kama nilivyosema.

Injini ya mwanzo ilikuwa ya mipigo miwili, ndogo, nyepesi, yenye kelele za ajabu. Ililia kama nyuki aliyebanwa mlangoni. Watu walipiga simu kuripoti bomba lililopasuka, wakasikia mlio huo nyuma yangu, wakauliza kama na sisi tumepasuka. Malalamiko yalipomfikia Mkurugenzi, akatoa amri fupi: kelele iondoke, au ndege iondoke. Fundi alinuna wiki nzima. Ndipo shemeji yake, anayefanya kazi melini, alipomletea injini ya mipigo minne. Hiyo hailii. Inanguruma kwa chini, taratibu, kama mtu mzima anayesafisha koo. Niliipenda siku ileile. Tatizo ni kwamba ndege haikuipenda.

Injini hiyo ni nzito. Fundi aliifunga kwenye pua ya ndege ya zamani, ndege ikaenda mita chache ikachimba shimo, na mtu wa visima akaja kuuliza nani ametoa kibali. Akaongeza kipande cha madini ya risasi mkiani ili kusawazisha. Ikasawazika kweli, ila sasa ilikuwa na uzito wa tofali na haikutaka kabisa kuinuka. Akang'oa risasi, akaifupisha pua, akairudisha injini nyuma karibu na mabawa, na hatimaye ndege ikakaa sawa kwenye ncha za vidole viwili. Pangaboi la zamani, lile la puani, nalo likawa dogo mno, injini inakimbia bure haivuti. Ya mipigo minne inataka pangaboi refu na pana, lizunguke polepole kwa nguvu. Akachonga jipya. Likagonga chini. Akairefusha miguu ya ndege. Likabaki tangi: kabureta ya injini hii imekaa chini kuliko ile ya kwanza, hivyo mafuta yakafurika, injini ikashikwa na kikohozi. Akalishusha tangi upana wa kidole, ikapona. Mwisho akabandika risasi kidogo kwenye ncha ya bawa la nje, waya zisilegee. Mkewe alikumbusha katika kipindi hicho chote kwamba nyumbani kuna mlango usiofungika.

Ndege ikawa tayari mwezi uliopita. Mwezi huohuo tukatangaziwa kwamba uani patajazwa mabomba mapya. Na fundi akistaafu anahamia kwa binti yake, ghorofa ya nne, ambako uwanja pekee ni ngazi. Kwa hiyo mambo yakawa kufa kupona: ndege iruke kabla hajaondoka, imalize tangi zima na kutua kama ndege zinavyotua, au asiione ikifanya hivyo milele. Katika miaka yake yote hakuna hata moja iliyowahi kumaliza tangi.

Jumatatu moja alikuja chumbani kwangu, akafunga mlango, akaketi. Akasema ana kizunguzungu. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu ndege ya kwanza. Nikampa pole kwa sauti ya mtu aliyepata habari mpya, maana mkubwa huheshimiwa. Kisha akasema nisilolitegemea: kwamba mimi ndiye nitakayeshika mpini. Nikamkumbusha kwamba sioni. Akajibu kwamba kuona ndiko kunakomwangusha yeye. Waya zitaniambia ndege iko upande gani, na mlio utaniambia imo katika hali gani, kwa kuwa injini ile ikipandisha huguna na ikishusha hupumua, na mtu anayesikia beringi kwa simu hawezi kushindwa na hilo. Jamani, usiku ule sikupata usingizi.

Tulifanya mazoezi wiki nzima. Mke wake aliibeba ndege mikononi akanizunguka nayo, akiinua na kushusha, nami nikigeuka nikifuata mvuto wa waya. Siku ya tatu mama alitangaza kwamba yeye aliolewa na fundi, hakuolewa na kiwanja cha ndege. Lakini kesho yake alikuja tena.

Jumamosi iliyopita karakana nzima ilitoka nje. Mhasibu alikaa kwenye simu zangu, jambo ambalo mji bado unalizungumzia. Fundi akawasha injini, mkewe akaiachia ndege, na waya zikanivuta mkono kama ng'ombe aliyenusa maji. Nikazunguka. Sikusikia kizunguzungu hata chembe. Nikapandisha, injini ikaguna. Nikashusha, ikapumua. Kutoka pembeni nilimsikia fundi, aliyekuwa amesimama nje ya duara kwa mara ya kwanza, akimwambia mkewe kumbe upande wa pili nao unaruka. Miaka yote hiyo alikuwa akiupaka rangi upande huo bila kuwahi kuuona hewani.

Tulikuwa tumefikiria kila kitu: pua, pangaboi, miguu, tangi, waya, masikio yangu. Idara nzima, watu wa vyeti na watu wa spana, hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba mafuta yakiisha, mlio nao unaisha.

Injini ilikohoa. Ikakohoa tena, ikanyamaza. Lo! Waya bado zilinivuta, lakini sikujua tena kama ndege iko juu ya kichwa changu au juu ya majani, na sikuthubutu kuinua mkono wala kuushusha. Nilimwita fundi kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa kazini. Niliogopa kwelikweli, kwa sababu ile haikuwa ndege yangu.

Alikuwa tayari anakuja. Alianza kukimbia kwenye kikohozi cha kwanza, mtu wa miaka sitini, ameinama kupita chini ya waya, viatu vya karakana vikipiga ardhi. Akanishika kwa nyuma, mkono wake juu ya mkono wangu, tukazunguka wawili kwa hatua moja. Alijua fika kitakachompata. Nilisikia anavyohema, nikausikia mwili wake ukianza kuyumba mgongoni kwangu, lakini mkono haukuyumba. Ulishuka kidogo, ukangoja, ukainuka kidogo. Magurudumu yakagusa nyasi, yakaserereka, yakasimama.

Kisha fundi akaanguka, nami nikaanguka naye, maana hakuwa ameniachia. Tulilala chali pale uani. Nikamuuliza ndege ikoje. Akasema imesimama kwa miguu yake. Nikamuuliza na tangi. Akasema tupu. Halafu akalia, mkewe akaja na kiti chake akakaa karibu nasi, na tukamwacha alie mpaka alipotosheka.

Kwa niaba ya idara, mzee wetu, ahsante kwa maji ambayo watu wameyanywa bila kukujua. Ahsante na wewe mama, kwa kumvumilia na kwa kunizunguka. Tunawatakia afya njema, wajukuu watiifu, na ngazi zisizochosha magoti. Mimi binafsi mkono bado unaniuma pale ulipoushika, mzee wetu, na sina haraka ya kupona.