Vifaru Kumi na Viwili vya Leonard Thackray

Marehemu kaka yangu, Leonard Thackray, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 mjini Keighley, Yorkshire, mtoto wa kwanza wa Mzee Harold na Bi. Edna Thackray. Mimi Glenys nilifuata miaka sita baadaye, na familia imeniomba nisome maneno haya. Nimeambiwa nisizidishe dakika tano. Mtanivumilia.

Alisoma hapa hapa mjini hadi mwaka 1964. Hesabu aliziweza; masomo mengine, mama alikuwa akisema, alihudhuria tu. Alipokuwa na miaka tisa, mjomba alimletea kifaru cha vita cha plastiki, vipande vidogo vidogo ndani ya boksi. Alikiunganisha juu ya meza ya kulia chakula, na gundi ikala vanishi yote pale. Mama alifoka wiki nzima. Leonard hakusikia hata neno moja, alikuwa anangoja rangi ikauke.

Mwaka huo wa 1964 aliingia kiwanda cha vipuri vya mashine kama mwanagenzi, akapanda hadi kuwa mkaguzi wa vipimo, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu Juni 2013. Kipuri kikizidi kwa unene wa unywele, Leonard alikirudisha. Hakugombana na mtu. Alikitia kwenye sanduku jekundu, akachukua kingine.

Tarehe 7 Septemba 1974 alifunga ndoa na Rosalind Pickles katika kanisa hili la Methodisti, na mwaka 1977 wakajaliwa binti yao, Judith. Wifi yangu Rosalind alivumilia mengi. Mswaki wake ulichukuliwa kurushia rangi ya matope kwenye vifaru. Jumapili moja alimwona mumewe akisuuza brashi ndani ya kikombe.

“Wewe Leonard, hiyo ni chai!”

“Najua. Nimeshainywa nusu.”

Kila Alhamisi, tangu mwaka 1981, alikwenda kwenye klabu ya michezo ya vita pale ukumbini. Wanaume wazima, meza yenye vilima vya karatasi, dadu, na kila mtu na jeshi lake alilolipaka rangi mwenyewe. Vifaru vyote lazima viwe vya kipimo kimoja, na kifaru cha mwenzako hakiguswi bila ruhusa yake. Mpinzani wake miaka yote hiyo alikuwa Barry Ormerod, ambaye yuko hapa nasi leo, safu ya tatu.

Alipostaafu nilitaka kumpa zawadi ya maana. Nilikwenda kwenye maonyesho ya vifaa vya michezo hiyo kule Huddersfield nikamnunulia maboksi kumi na mawili ya vifaru. Alipoyafungua alisema, “Glenys, hivi hasa ndivyo nilivyokuwa navitaka.” Msimu mzima wa baridi alikata, akapiga msasa, akagundisha, akapaka rangi. Machi 2014 akavipeleka klabu kwa mara ya kwanza. Alirudi mapema, na hakwenda tena.

Tulipomuuliza alisema amechoka. Barry akipita barabarani, Leonard anainama kufunga kamba za viatu. Mimi nilikuwa simwachi. Kila Krismasi, kabla hata nyama haijakatwa: “Mkaidi wewe! Rafiki wa miaka thelathini na zaidi unamtupa kwa sababu ya midoli?” Naye anasema, “Nipitishie viazi, Glenys.”

Mwaka 2019 madaktari walimwambia ana ugonjwa wa Parkinson. Mikono iliyokuwa ikipaka rangi kifungo cha koti la askari mdogo kuliko kidole ikashindwa kushika kijiko. Mimi niliogopa, nasema wazi, kwamba kaka yangu angekufa bila rafiki yake. Mei 2022 nikampigia Barry simu bila kumuuliza mtu. Alifika siku ya pili, kofia mkononi. Mimi na wifi tulikuwa jikoni, mlango wazi.

“Len,” Barry alisema, “siku ile niliposema umetuletea vifaru vya majitu, ulikuwa utani tu, bwana. Vilizidi milimita nne! Mkaguzi mzima wa vipimo! Nilidhani na wewe utacheka. Kumbe hukuwa umeona?”

Leonard siku hizo alikuwa anasema polepole. “Niliona kabla sijafungua boksi la kwanza. Kipimo kimeandikwa ubavuni.”

“Sasa ukavijenga vyote kwa nini?”

“Glenys alivibeba kwenye mabasi mawili.”

“Si ungeniambia! Ningefunga mdomo wangu.”

“Wewe? Ungemwambia mkeo. Na mkeo anakaa na Glenys kila Jumatano kwenye kwaya.”

Jamani. Nilibaki na birika mkononi mpaka wifi akaja kulitua.

Tangu hapo walicheza kila Jumamosi mchana sebuleni, Leonard na vifaru vyangu, Barry na vyake. Kwa kuwa mikono ilikuwa imegoma, Barry ndiye aliyemsogezea vifaru, na kila mara, kila kimoja, alisema kwanza, “Naomba ruhusa, Len.” Ukubwa wake hakuutaja tena. Leonard alishinda mara tano. Barry anasema nne.

Kaka yetu alituacha nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 3 Novemba 2022, Rosalind akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka sabini na minne. Ameacha mjane, Rosalind, binti, Judith, na mkwe wake Graham, wajukuu wawili, Imogen na Toby, dada mmoja, na Barry Ormerod, ambaye familia imesema aandikwe hapa.

Leonard, miaka minane nilikuita mkaidi mbele ya watu, nawe ukakubali kuitwa hivyo ili mimi nisijue kwamba nimekosea zawadi. Basi nimejua, na nasema mbele ya watu hao hao: vilikuwa vikubwa mno, kaka yangu, na hukuwahi kuwa mkaidi. Pumzika kwa amani.