Mzee wa "Bahari Tupu"

Tarehe 31 Machi 1982, Nahodha Hinrich Tönnsen anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kutuvusha na kutugombeza katika kivuko chetu cha Kiel, Ujerumani. Mimi, Eggert Paulsen, fundi wake wa injini, nimepewa kazi ya kumsifu kwa kuwa nimemvumilia kuliko wote: nilikuwa naye hata vitani, ndani ya nyambizi.

Alikuwa kamanda wetu akiwa na miaka ishirini na sita tu. Tulimwita Mzee, maana mabaharia wa nyambizi humwita hivyo kamanda yeyote, hata asiye na ndevu. Vyoo vilikuwa viwili; kimoja tulikigeuza stoo ya soseji na viazi, kikabaki kimoja kwa watu hamsini, nacho kilikuwa na vali za kufunguliwa moja baada ya nyingine kwa utaratibu wake. Mzee akakataa kuelekezwa. Akafungua vali isiyostahili, bahari ikamjia kichwani. Alitoka amelowa chepechepe, akaamuru mtu yeyote asicheke. Tulicheka mpaka Norwei.

Meli mbili alizozizamisha ameniomba nisizihesabu kuwa sifa. Watu walikufa mle, na hajawasahau.

Sasa lile la Aprili 1945, nje ya pwani ya Uskochi. Ndani ya nyambizi anayeona ni kamanda peke yake. Wengine tuliamini alichotuambia. Kazi yangu wakati ule ilikuwa kusikiliza maji kwa vipokea sauti, na nilisikia meli kubwa inakuja, rafadha za kuisukuma zikinguruma. Torpedo, makombora yetu ya majini, zilikuwa tayari. Mzee akachungulia kwenye darubini, akaishusha.

"Bahari tupu," akasema.

Luteni akanigeukia. "Paulsen, wewe unasikia nini?"

Ningesema kweli, Mzee angepigwa risasi kwa usaliti na Wajerumani wenzetu, na meli ile ingezama.

"Samaki, Bwana Luteni," nikajibu. "Leo wamechangamka."

Hatukulizungumza tena. Miaka ikapita, tukawa watu wa kivuko. Kiangazi kimoja abiria mmoja, mama mwenye kichanga, akaanika nepi kwenye reli ya ukingoni mwa kivuko. Nikaenda mbio kumfokea, maana kwa Mzee hata leso haitundikwi pale. Mara nikasikia sauti yake kutoka juu: "We Eggert, mwache mama wa watu! Ziache zikauke."

Nilipomtazama, alikuwa analia. Jioni, tukiwa kwenye bia, ndipo akaniambia alichokiona siku ile ya Uskochi: meli ya abiria, nepi zimeanikwa reli nzima.

Mzee, ahsante. Umetufokea vya kutosha, nasi tunakupenda. Kapumzike na mkeo, Bibi Wiebke, kula samaki wako wa moshi, na tafadhali usimfundishe kupika. Tunakuombea uzee mtamu na usingizi mwema.

Ila leo, kabla hujafika, tumevunja sheria yako. Ukipanda kwa safari ya mwisho, usifoke kwanza. Tazama reli.